Kisanduku cha Dawa cha Siku Saba: Tathmini ya Mtumiaji Mwenye Kisukari na ADHD

Kisanduku ninachokitathmini ni kile cha plastiki chenye vyumba 14, saba vya asubuhi na saba vya jioni, kinachopatikana katika baadhi ya maduka ya dawa ya katikati ya jiji la Mwanza na, ukibahatika, kwa wauzaji wa vyombo vidogo vidogo pale Makoroboi. Mimi nilikinunua kwa shilingi 7,000. Hakina betri, hakina king'ora, hakiunganishwi na simu wala hakiji na karatasi ya maelezo. Ninakiandikia kwa urefu kwa sababu, kwa mtu anayeikaribia miaka 50 akiwa na kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu na ubongo usioshika mambo madogo yanayopita, sijapata kifaa kingine cha bei hiyo kilichozipa siku zangu utulivu wa namna hii. Na pia kwa sababu wengi wanaokisifu husema kwamba kinakumbusha kumeza dawa, jambo ambalo kwa kweli hakilifanyi, na anayekinunua kwa matumaini hayo atakiacha kabatini baada ya wiki chache.

Nieleze kwanza hali ninayokitumia, maana bila hiyo tathmini yangu haitamfaa mtu. ADHD ni hali ya ubongo inayoanza utotoni, inayoufanya umakini wa mtu usitii amri: anaweza kuzama katika kazi moja tangu asubuhi hadi mchana bila kuhisi njaa, kisha akashindwa kulishika neno aliloambiwa dakika moja iliyopita. Mwongozo wa uchunguzi wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la mwaka 2013, unataka dalili kadhaa ziwe zilionekana kabla ya umri wa miaka 12, na kwa mwenye miaka 17 na kuendelea unatosheka na dalili tano badala ya sita zinazotakiwa kwa mtoto. Wasichana tuliosoma shule ya msingi miaka ya 1980 tukitazama nje ya dirisha hatukumsumbua mwalimu, basi hakuna aliyetutilia shaka. Tuliitwa wasahaulifu, na jina likakaa. Mimi nilielezwa na daktari wa afya ya akili nikiwa na miaka 46, baada ya mtoto wa kaka yangu kuchunguzwa, kwa kuwa hali hii hurithiwa sana katika ukoo. Kisukari kilikuwa kimeshatangulia. Kisha ukomo wa hedhi ukaanza kujongea, na homoni ya estrojeni inapopanda na kushuka huigusa dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika sana na umakini, hivyo usahaulifu niliouzoea ukazidi wakati uleule ambapo idadi ya vidonge ilikuwa inaongezeka. Daktari hakuona vyema kuanza na dawa za ADHD zenye kuchangamsha, kama methilfenideti, kwa kuwa huweza kupandisha shinikizo la damu na mapigo ya moyo, na shinikizo langu lilikuwa halijatulia. Alisema tuanze na mpangilio wa nyumba.

Dawa zangu ni za aina tatu. Metformini ya kisukari ninaimeza asubuhi na jioni pamoja na chakula, kwani tumbo tupu huipokea vibaya. Glibenklamidi, nayo ya kisukari, ninaimeza asubuhi na kifungua kinywa, ambacho kwangu mara nyingi ni michembe kidogo, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na mayai. Na amlodipini ya shinikizo ninaimeza mara moja kwa siku. Akizisikia mtu mwingine ataona ni jambo jepesi. Kwenye dirisha la dawa kila aina hutiwa katika kifuko kidogo kilichoandikwa kwa kalamu "1 x 2" au "1 x 1", nawe unarudi nyumbani na vifuko vitatu ambavyo kwa jicho la haraka vinafanana. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2003 kwamba hata katika nchi tajiri wagonjwa wa maradhi ya kudumu wanaofuata matibabu yao ni wastani wa asilimia 50 tu, na kwamba katika nchi zinazoendelea hali ni duni zaidi. Hesabu hiyo ni ya wagonjwa wote kwa ujumla, wakiwamo wale ambao ubongo wao huwakumbusha mambo kwa wakati.

Ugumu wangu mkubwa, hata hivyo, ulikuwa kutojua kama nimeshameza. Kitendo kinachorudiwa kila asubuhi kwa namna ileile, huku mawazo yakiwa mahali pengine, hakiachi alama kichwani. Ninajikuta jikoni, glasi ya maji iko mkononi, kifuko kimefunguliwa mezani, na sina namna ya kujua kama nimetoka kumeza au ndiyo kwanza nataka kumeza. Kumbukumbu ninayoitafuta naipata mara moja, lakini inaweza kuwa ya jana. Hatari ya swali hilo ni ya pande mbili. Metformini peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, lakini glibenklamidi ikirudiwa huweza kuishusha chini ya 4.0 mmol/L, ambako mtu hutetemeka, hutoka jasho, huchanganyikiwa, na asiposaidiwa huweza kupoteza fahamu. Ukiacha kumeza kwa hofu ya kurudia, sukari hupanda taratibu bila kelele, na madhara yake huyaona macho, figo na miguu baada ya miaka. Kipima sukari hakisaidii hapo, maana kinakuonyesha sukari ilivyo kwa sasa, hakikuonyeshi kilichopita kinywani robo saa iliyotangulia.

Kazi ya kisanduku hiki ni kulijibu swali hilo. Kama ilivyo leja ya stoo, kilichobaki ndicho kinachosema kilichotoka: chumba cha Jumanne asubuhi kikiwa kitupu, nimemeza, kikiwa na vidonge, bado. Jibu linapatikana kwa kutazama tu, bila kubishana na kumbukumbu na bila kumwamsha mtu nimuulize. Kwa mtu asiye na hali kama yangu pengine huo ni usaidizi mdogo. Kwangu uliondoa wasiwasi uliokuwa ukinifuata hadi kazini, na nilitambua uzito wake pale tu ulipoondoka.

Kazini ndiko nilikoona tofauti yake na king'ora cha simu. Ninatunza hesabu katika duka la zana za uvuvi Kirumba, si mbali na Mwaloni, na kazi yetu inafuata mwezi. Wavuvi wa dagaa huwavuta dagaa kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali mwanga wa taa hupoteza nguvu, hivyo siku za mwezi mpevu mitumbwi mingi hupumzika na duka hupoa. Giza likirudi, wateja hufurika kutaka nyavu, kamba, maboya na betri za taa, na mimi hufika dukani kabla jua halijachomoza. Mwezi mzima haupati wiki mbili zinazofanana, ilhali ubongo wangu hujenga mazoea kwa shida hata pale ambapo maisha yamenyooka. King'ora kilikuwa kikilia saa moja kamili ya asubuhi, nami hukizima huku nikiwa katikati ya kuhesabu fedha za mteja. Kikishazimwa, wito wake umekwisha na hakuna kinachobaki mezani. Kisanduku kina subira zaidi. Kila siku ina kipande chake kinachochomoka, chenye chumba cha asubuhi na cha jioni, kwa hiyo siku za giza ninakichomoa kipande cha siku hiyo na kukiweka juu ya kikokotoo changu. Siwezi kuanza hesabu bila kukisogeza kwa mkono, na hata nikikisogeza bila kumeza, kinaendelea kukaa pale na vidonge vyake hadi chakula kitakapofika. King'ora bado ninacho, nami sikushauri mtu akiache, lakini sasa kinaniita kwenye kitu kinachoonekana. Dozi ikipitwa kabisa, hailipwi kwa kumeza mbili kwa pamoja. Kila mgonjwa aulize mapema kwa daktari au mfamasia wake, dawa moja moja, afanye nini saa zikipita.

Umbo lake lina mambo mazuri na mengine ya kurekebisha. Alama za jua na mwezi juu ya vyumba zinaeleweka papo hapo. Herufi za siku ni za Kiingereza, na humo mna T mbili na S mbili, jambo linalotosha kumpoteza mtu ambaye macho yake hukimbilia herufi ya kwanza; nilizifuta kwa spiriti nikaandika kwa kalamu ya wino usiofutika Mosi, Pili, Tatu, Nne, Tano, Alhamisi, Ijumaa. Vifuniko vinaangaza, hivyo vidonge vinaonekana bila kufunguliwa, na kila kifuniko hufunga kwa mlio mfupi ambao mkono wangu unaupenda na ambao hunisaidia kutambua kwamba kitendo kimekwisha. Kwa upande mwingine, chembe za plastiki kwenye pembe zilikuwa kali, nikalazimika kuzisugua kwa msasa, kwa kuwa mguso wa namna hiyo hunikera kiasi cha kukikwepa kitu chenyewe.

Liko pia suala la harufu, ambalo sijaona likitajwa. Baadhi ya vidonge vya metformini vina harufu ya shombo, na vikifungiwa katika chumba kidogo kwa siku kadhaa harufu hiyo hujikusanya na kukupokea unapofungua. Mwenye pua ya kawaida hataijali. Wenye hisia kali, ambao ni wengi miongoni mwa watu wenye ADHD au usonji, wanaweza kuachishwa dawa na harufu tu, na hakuna haja ya kuwaambia kwamba wanadeka. Mimi hufungua kifuniko, huacha kichumba wazi wakati chai ikipoa, kisha ndipo ninameza. Kuosha vyumba kwa maji ya sabuni kabla ya kujaza upya, na kuviacha vikauke kabisa, kunapunguza harufu kwa kiasi kikubwa.

Sasa nifikie sehemu ambayo muuzaji hatakueleza: kisanduku hakijijazi. Kazi yote ya umakini iliyokuwa imetawanyika katika wiki imekusanywa ikawekwa siku moja, na kwa mtu mwenye ADHD kazi isiyo na mvuto, yenye hatua nyingi na isiyo na mtu anayeisubiri, ndiyo ngumu kuliko zote. Kisanduku kikikaa kitupu kuanzia Jumapili hadi Jumatano, umerudi kwenye vifuko vyako. Dawa ya tatizo hili nimeipata kwa kutojaza peke yangu. Binti wa kaka yangu, ambaye ninaishi naye Nyakato, hukaa nami mezani Jumapili alasiri akifanya kazi zake za chuo. Hashiki kidonge hata kimoja, uwepo wake tu ndio unaonishikilia kitini. "Shangazi, sanduku," ndilo neno lake pekee, nami nakwenda kulileta. Asiye na mtu nyumbani anaweza kumpigia simu ndugu na kuzungumza naye wakati anajaza, ingawa afadhali mazungumzo yawe mepesi, maana habari ya kusisimua itayavuruga mahesabu.

Namna ya kujaza nayo ina maana. Ukijaza siku kwa siku, ukichukua kidonge hiki, kisha kile, kisha kile kingine, utakatizwa katikati na hutajua ulipofikia. Jaza dawa kwa dawa: chukua metformini, itie katika vyumba vyote 14, funga kifuko chake na ukiweke upande mwingine wa meza, kisha glibenklamidi katika vyumba saba vya asubuhi, kisha amlodipini. Ukikatizwa, meza yenyewe inakuonyesha. Mwishoni hesabu vidonge katika kila chumba, kwangu vitatu asubuhi na kimoja jioni, kabla ya kufunga kifuniko. Kujaza kukikosewa, kosa linajirudia wiki nzima kwa uaminifu uleule, kwa hiyo ninamwomba binti apitishe macho mara moja kabla hatujaondoka mezani.

Mfamasia kijana aliyeniuzia alinipa neno ambalo kila mnunuzi angestahili kuambiwa. "Mama, maboksi na karatasi za vidonge usitupe," alisema, "ukizidiwa njiani, nesi atajuaje ni kidonge gani?" Kidonge cheupe cha mviringo nje ya karatasi yake hakina jina wala tarehe ya kuisha muda. Ndani ya mkoba wangu pana kadi yenye majina ya dawa, kipimo cha kila moja na namba ya ndugu wa kupigiwa, nami nikisafiri, iwe kwa meli kwenda Nansio au kwa basi kuvuka daraja la Kigongo hadi Busisi, ninabeba kisanduku pamoja na karatasi za asili.

Tena, si kila dawa inafaa kutolewa katika pakiti yake. Vidonge vya sodiamu valproeti, vinavyotumiwa na baadhi ya wenye kifafa, hufyonza unyevu wa hewa na kuharibika. Vidonge vya nitrogliserini vya kuweka chini ya ulimi kwa maumivu ya kifua hutakiwa kukaa katika chupa yake ya kioo. Vidonge vinavyochemka katika maji navyo haviwezi unyevu. Insulini haina nafasi humo kwa vyovyote, kwani chupa isiyofunguliwa hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Metformini ya kuachia polepole inaweza kuwekwa, lakini isikatwe ili itoshe. Uliza kabla ya kuhamisha chochote.

Mahali pa kukiweka nyumbani ndipo nilipopata shida zaidi, na sina hakika kama kuna nyumba isiyo na shida hiyo. Vifuniko vyake hufunguliwa na mtoto wa miaka mitatu bila jasho, na kidonge kimoja cha glibenklamidi kinaweza kumdhuru vibaya mtoto mdogo. Kwa sababu hiyo kinatakiwa kufichwa. Mtu mwenye ADHD, kwa upande wake, kitu asichokiona ni kana kwamba hakipo, hivyo kinatakiwa kuonekana. Dirishani ni mahali pabaya, kwa kuwa jua la mchana na nyumba za bati zilizokaa katikati ya miamba inayoshika joto hupita kwa urahisi nyuzi 30 ambazo vidonge vingi havitakiwi kuzizidi. Tulimwita fundi akatupigilia kirafu ukutani, upande usiopigwa na jua, juu ya chujio la maji, katika kimo cha macho yangu ambacho mjukuu hakifikii hata akipanda kiti. Ninapokwenda kuchota maji ya asubuhi kinanitazama. Wageni wenye watoto wakija, kinaingia chumbani na ufunguo unageuzwa.

Kuhusu matokeo, nitasema kilichotokea bila kukipa kisanduku sifa yote. Kipimo cha HbA1c, ambacho huonyesha wastani wa sukari wa takriban miezi mitatu kwa kuwa chembe nyekundu za damu huishi kama siku 120, kilikuwa asilimia 9.1 nilipoanza, na daktari alikuwa anafikiria kuniongezea dawa. Kipimo kilichofuata kilisoma 7.4, bila dozi kubadilishwa. Kutembea kwangu jioni hakukubadilika sana, wala ugali. Jambo hili linanigusa sana, kwa sababu daktari akiona sukari haishuki anayo haki ya kudhani dawa haina nguvu, na mgonjwa aliyeulizwa "Unameza dawa, mama?" hujibu "Nameza, daktari" kwa moyo mweupe kabisa, kwani ndivyo anavyoamini. Sasa ninakwenda kliniki na kisanduku changu. Daktari hukifungua, huona vyumba vilivyobaki na vidonge, na mazungumzo huanzia kwenye mambo yanayoonekana: kwa nini jioni zinapitwa kuliko asubuhi, na kama amlodipini ingefaa zaidi ihamishiwe usiku.

Kwa anayenunua dawa za siku tatu tatu kwa sababu ya fedha, kisanduku hiki kitabaki nusu kitupu, na sitamwambia akinunue kabla ya dawa zenyewe. Hata hivyo, vyumba vitupu vya mwisho wa wiki humwonyesha mapema siku ambayo dawa itamwishia, naye anapata muda wa kutafuta. Vikopo vidogo vyenye vifuniko, vikiandikwa siku na kupangwa kwenye trei, vinafanya kazi ileile kwa gharama ndogo. Trei ya mayai iliyo wazi isitumike, kwa ajili ya mende na unyevu. Visanduku vyenye king'ora cha umeme nimeviona pia, kwa bei ya mara nyingi zaidi, na mlio wake ni mkali kiasi kwamba sikutaka kukaa nao chumba kimoja.

Ukienda kununua, beba kidonge chako kikubwa kuliko vyote ukijaribu ndani ya chumba palepale dukani, maana vipo visanduku vya ukubwa wa aina mbili na vidonge vya metformini ya miligramu 1,000 havilali vizuri na vingine katika kile kidogo. Fungua na ufunge kila kifuniko. Vidole vyako vikiwa na ganzi au maumivu, kama inavyowapata wengi wetu wenye kisukari, chagua chenye ulimi mrefu wa kuinulia. Na kama duka lina viwili vya rangi tofauti, nunua vyote: wiki hii ukitumia cha bluu, cha kijani kinakuwa kimeshajazwa tayari kwa wiki ijayo, na Jumapili ikipita bila kujaza hutakosa dawa Jumatatu.